Hasifa, Mtafsiri wa Filamu za Mashetani

Kwa miaka sita Hasifa alikata tiketi mlangoni pa banda la video la Alionzi, mjini Arua, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuketi ndani akatazama filamu hata moja hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa ya mlangoni. Lakini kuta za banda zilikuwa za mabati, na kila kelele ilipita. Akazijua filamu kwa masikio, na wateja akawajua kwa nyuso.

Siku ya mpira waliingia vijana peke yao. Siku ya filamu za mapenzi walikuja wasichana wa saluni na wachumba wao. Lakini siku ya filamu za kutisha walikuja watu wote: wanawake wa soko la mboga, waendesha boda boda, wauguzi waliotoka zamu hospitali ya Kuluva, hata mwalimu mmoja wa hesabu aliyevaa tai. Kila mmoja alisimama mbele yake na kuuliza swali lile lile.

"Iko ya kutisha kweli?"

"Iko."

Wakaingia wakichekacheka na kusukumana, kama watu wanaokwenda kuoga mtoni asubuhi ya baridi. Hasifa alibaki nje na kitabu chake cha tiketi, akiwasikiliza wakipiga kelele.

Yeye mwenyewe alizipenda filamu hizo tangu utotoni. Alizaliwa Koboko, katika nyumba ya Wanubi ambamo Kiswahili kiliingia na babu aliyekuwa askari, kikakaa. Shangazi yake Zamzamu alipofuka angali mwanamke wa makamo, lakini hakukubali kuachana na filamu. Alikuwa akimshika Hasifa mkono, mtoto wa miaka kumi na mmoja, wakaenda wote wawili hadi banda la karibu na stendi, na Hasifa akamnong'oneza kila alichokiona. Akikosea, alifinywa.

"Usiniambie shetani amekuja," Zamzamu alisema. "Utakuwa umenimalizia. Niambie kwanza mlango uko wapi. Niambie nani ameupa mgongo."

Hasifa akajifunza. Baada ya muda waliokaa benchi la nyuma walianza kunyamaza ili wamsikie mtoto yule, maana filamu zenyewe zilizungumza lugha ambazo pale hakuna aliyezielewa.

Basi Anguyo, mtafsiri wa filamu wa Alionzi, mtu wa kusimulia filamu kwa maikrofoni ambaye Uganda nzima humwita vijei, alipopata kazi Kampala na kuondoka, Hasifa alifunga kitabu cha tiketi na kuingia kwa bosi wake.

"Bosi, hiyo maikrofoni nipe mimi."

Alionzi alicheka hadi akakohoa. "Hasifa! Wewe sauti yako iko ya kuita watoto kula. Nani atashtuka?"

"Nipe siku ile hakuna watu."

"Hiyo ni Jumatano saa nane. Hata mbwa hawaji."

"Nipe Jumatano saa nane."

Walikuja watu tisa. Filamu ilihusu mwanamke aliyehamia nyumba mpya bila kujua kwamba kuna mtu anayeishi darini. Anguyo alikuwa na desturi ya kunguruma tangu mwanzo hadi mwisho, kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Hasifa aliteremsha sauti. Alizungumza kama mtu aliyeketi kando yako.

"Anaosha sahani. Anaimba. Hana habari. Nyuma yake pazia inasonga kidogo. Angalia dirisha. Dirisha imefungwa."

"Mama, toka!" mtu mmoja alipayuka kutoka nyuma. "Acha sahani, toka!"

Jumatano iliyofuata walikuja ishirini. Mwezi wa pili mabenchi hayakutosha. Alionzi akamwongezea Jumamosi wala hakusema neno, na kwa Alionzi hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Sasa Hasifa aliwaona watu wake akiwa ndani, na alizidi kujiuliza wanatafuta nini. Siku moja alimuuliza Swaka, kijana wa boda boda ambaye hakukosa hata wiki.

"Mimi mwanaume," Swaka alisema. "Barabarani lori ikitaka kunigonga, nanyamaza. Nyumbani mtoto akiugua, nanyamaza. Hapa napiga kelele, na hakuna mutu ananiuliza wewe una nini."

Kati ya waliokuja kila Jumatano alikuwapo Natalina, mama wa miaka hamsini hivi, aliyevuka mpaka kutoka Sudan Kusini wakati wa vita na sasa alikuwa akiuza ufuta wa kusaga katika soko la Inde. Alikuja na jirani yake, Night Poni, na wote wawili walikaa benchi la tatu, wakishikana mikono. Natalina alipiga ukelele kuliko wote, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Hasifa alikuwa amezoea kumsikilizia yeye: Natalina akishtuka, alijua kazi imefanyika.

Jumatano moja ya Septemba waliletewa filamu mpya. Alionzi aliileta saa saba na nusu na kusema iko kali. Hasifa hakupata nafasi ya kuitazama kabla, na halikuwa jambo geni. Mtafsiri alikwenda nayo papo kwa papo. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri, na mashetani wake, kijiji chake na mzee wake mchawi. Kisha wanakijiji wakaifungia kwa nje nyumba ya yule mchawi, ndani mkiwa na watu, wakaitia moto.

Hasifa aliendelea kusema. "Wanaleta nyasi. Mmoja anawasha kiberiti..."

Benchi la tatu likaanguka. Natalina alipita juu ya magoti ya watu, akasukuma mlango na kutoka. Night Poni akamfuata akiita jina lake.

Hasifa alitazama skrini, akatazama mlango. Kisha akaiweka maikrofoni mezani, akatoka yeye pia.

Ndani watu walianza kupiga miluzi. Natalina alikuwa ameketi chini karibu na jiko la muuza chapati, ameligeuzia mgongo lile jiko. Night Poni alikuwa amemfunika kwa kanga yake. Hasifa akachuchumaa mbele yake, akamsubiri.

"Mama, nisamehe," alisema mwishowe. "Nilidhani hizi unazipenda."

"Napenda!" Natalina alisema karibu kwa hasira. "Shetani mimi hapana ogopa. Shetani sijamuona. Watu na kiberiti, hiyo nimeona."

Muuza chapati alileta chai bila kuombwa, na Natalina akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

"Nakwambia kwa nini nakuja," alisema baadaye, sauti imetulia. "Kule kwetu nilikimbia siku nne. Nilikimbia peke yangu, na nilikuwa kimya, kwa sababu ukilia wanakusikia. Hapa naogopa pamoja na watu. Nalia kwa nguvu. Halafu wewe unasema imeisha, tunatoka, jua iko. Kule hakuna mutu alisema imeisha."

Aliporudi ndani, Hasifa alimkuta Alionzi ameshika maikrofoni mwenyewe, anatafsiri ovyo. Watu walipotoka, wawili hao wakaanza kugombana.

"Umeniaibisha," Alionzi alisema. "Vijei anaacha filamu katikati?"

"Bosi, kuanzia leo nataka filamu asubuhi. Nitaitazama yote peke yangu. Na kabla haijaanza nitawaambia watu kuna nini ndani. Kama kuna moto, kama kuna watu wa bunduki, kama kuna mwanamke anashikwa kwa nguvu. Mtu achague."

"Hasifa, mtu amekuja kutishwa! Ukimwambia kabla, atatishwa na nini?"

"Na mashetani. Hao sitawaambia wako wapi."

"Hapana. Katika banda langu hapana."

Walibishana kwa wiki mbili. Mara ya tatu Alionzi alipomwambia kwamba asiyeridhika mlango uko wazi, Hasifa alichukua maikrofoni yake mpya, ambayo alikuwa ameinunua mwenyewe, akaifunga katika kanga na kupanda gari la Koboko.

Haikuwa rahisi. Wenye mabanda wawili wa Koboko walimkataa kwa maneno yale yale ya Alionzi. Wa tatu alisema mwanamke wa Kiislamu aliyefika miaka arobaini ana mambo bora ya kufanya. Hasifa alimshukuru, akaendelea kutafuta. Nyuma ya soko palikuwa na ghala la zamani la pamba, limejaa popo na magunia yaliyooza. Mwenye ghala, mama mmoja aliyeitwa Evelyn, alimwambia akilisafisha alitumie. Hasifa alifagia siku tano, amejifunga kitambaa puani. Mafundi walipomcheleweshea mabenchi, alipanga matofali na kuweka mbao juu. Skrini na jenereta alipewa na binamu yake wafanye kazi kwa ubia.

Filamu ya kwanza aliichagua makusudi. Ilikuwa ni ile ile, ya mchawi na nyumba. Aliitazama mara tatu asubuhi, kalamu mkononi, akaandika dakika.

Jumamosi saa tisa ghala lilijaa, pengine kwa ugeni wake tu. Hasifa alisimama mbele, kabla hajawasha filamu.

"Karibuni. Filamu ya leo iko mbaya sana," alisema, na watu wakashangilia. "Mashetani wako. Wapi, siwaambii. Lakini katikati iko nyumba inaungua, na watu wako ndani, na wanaoiwasha ni watu kama sisi. Kabla ya hapo nitagonga meza mara mbili. Mtu ambaye hataki kuona, atoke. Hakuna kuulizwa. Ikipita nitakuja mlangoni kuwaita, na nitawaeleza kilichotokea kwa maneno mawili. Hamtapoteza kitu."

Wengine waliguna. Kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba wenye kuogopa wangebaki nyumbani kumenya viazi. Hasifa akazima taa, akaanza.

Ilipofika dakika ya arobaini na moja, aligonga. Ko, ko.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja akainuka na mtoto wake mgongoni. Akafuata mwingine. Wakafuata wazee wawili. Halafu akainuka Enoch, dereva wa malori wa njia ya Kaya, mpakani, mtu mkubwa ambaye kivuli chake kilifunika skrini nzima alipopita, na yule kijana wa viazi akafunga mdomo. Walitoka kumi na mmoja.

Hasifa alisema ile sehemu kwa maneno machache, bila kuipamba. Moto ulipozimika alikwenda mlangoni. Aliwakuta wamesimama pamoja juani, Enoch amemshikia yule mama mtoto wake.

"Nyumba imeungua. Mchawi hakufa," Hasifa aliwaambia. "Karibuni, sasa ndiyo anarudi."

Walirudi wakakaa. Na katika nusu saa ya mwisho, mchawi alipotokea nyuma ya chifu, Enoch alipiga ukelele mwembamba wa ajabu, watu wote wakageuka kumtazama, kisha ghala zima likaangua kicheko, naye akiwamo, akijipiga mapaja.

Habari ilikwenda kwa miguu yake. Wiki ya tatu walikuja watu wa kambi ya wakimbizi. Wiki ya tano Natalina na Night Poni walishuka kwenye gari la Arua, wamevaa nguo za kanisani, wakauliza ghala la Hasifa liko wapi. Filamu ya siku hiyo haikuwa na moto, lakini ilikuwa na mbwa. Meza ilipogongwa, Night Poni ndiye aliyetoka, na Natalina akabaki amekaa peke yake, akiwazomea wale mbwa kwa Kibari, lugha ya kwao.

Alionzi naye alikuja, baada ya mwaka. Alisimama nyuma filamu nzima, mikono kifuani. Watu walipotawanyika alisema, "Unaongea sana mwanzoni."

"Ndiyo, bosi."

"Jumatano yangu imekufa tena. Rudi."

"Jumatano nitakuja. Na meza nitagonga."

Alionzi alitazama mbao juu ya matofali, zote zilivyong'aa kwa kukaliwa. "Gonga basi," alisema.

Huu ni mwaka wa tatu. Jumatano Hasifa yuko Arua, Jumamosi yuko Koboko, na asubuhi za siku zote mbili hukaa peke yake mbele ya skrini akisimamisha na kuendesha, akiandika dakika. Watu wakitoka hawaendi nyumbani moja kwa moja. Husimama nje wakibishana ni ipi iliyo bora kuliko zote. Swaka hushikilia ile ya mtu wa darini. Natalina husema hakuna kama ya maiti aliyekataa kuzikwa mpaka alipwe mahari ya binti yake, kwa sababu ile iko na haki. Enoch anataka za nyoka, wala hasemi kwa nini.

"Dada Hasifa," humwambia kila akimkuta, "nyoka lini?"

"Tafuta wewe," Hasifa humjibu, akikunja nyaya zake. "Ukipata, niletee mapema. Lazima niione kwanza."