Mgeni Aliyekuja Kusikiliza Santuri

Haya ninayowasimulia yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Tabora, jua halijazama, na akili zangu timamu. Asiyetaka kuamini, basi. Mimi niliishi ndani ya nyumba ile miaka mingi baada ya hapo, najua nilichokiona.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, sabuni ukiipata dukani unashukuru. Nilikuwa nimeolewa karibuni na Shabani, fundi seremala, mtu mzima kwangu, aliyefiwa na mke wake wa kwanza, Mwajuma. Mwajuma alifia Kaliua kwa wazazi wake, akazikwa huko huko. Sikuwahi kumwona, wala nyumbani hapakuwa na picha yake.

Shabani alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri moja tu aliyoipenda. Jamani, na mikogo yake! Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri anafunga madirisha. Sindano mpya zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo ile kuukuu anaisugua kwenye ubavu wa kiberiti. Santuri anaifuta kwa pindo la shuka, taratibu, anaipuliza kama anapoza uji wa mtoto. Kisha anaweka kigoda mbele ya gramafoni, na ole wako ukikikalia. Santuri yenyewe ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo ukifika hapo, anagusa mkono wa sindano kwa kidole kidogo, unavuka. Mimi nacheka zangu jikoni. Nilidhani ni mambo ya wanaume na vyombo vyao.

Sasa, Ijumaa moja ya masika alikuwa ameshatayarisha kila kitu, kigoda kimekaa mahali pake, mara mjumbe wa nyumba kumi akaja kumwita mkutanoni. Akatoka. Mvua ikashuka, mvua ya kuzamisha ua. Nikiwa nachambua mchele nikasikia hodi, sauti ya mwanamke, ya chini.

Nikasema karibu. Akaingia mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga, kanizidi umri kidogo.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Nimekuja kusikiliza," akasema, akapita moja kwa moja hadi sebuleni kama anayeijua nyumba. Akakaa kwenye kigoda.

Nilitaka kumwambia hapo hapakaliwi, nikaishia kutazama sakafuni. Maana nilikuwa nimeona miguu yake. Nje matope matupu, lakini miguu yake ilikuwa mikavu, imejaa vumbi jekundu, nyayo zimepasuka kama za mtu aliyetembea kiangazi kizima. Na kanga yake haina hata tone la maji.

Akazungusha mpini, akaweka sindano. Wimbo ukaanza. Ulipofika kwenye mkwaruzo akanyoosha kidole kidogo, akagusa, ukavuka. Niambieni, nani alimfundisha?

Ulipokwisha akanigeukia. Uso wake haukutisha, wallahi. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kulala.

"Mdogo wangu," akasema, "mwambie mume wetu asiniite tena. Kila akiweka kigoda hiki lazima nije. Kutoka Kaliua ni mbali, nafuata ile njia ya zamani ya misafara, kwa miguu. Nikifika nakaa mbele yake, hanioni. Nimechoka."

Nilifumba macho nikasoma kila sura niliyoikumbuka. Nilipofumbua, kigoda kitupu, na santuri bado inazunguka bila sauti.

Shabani aliporudi nikamweleza. Nilitegemea aniambie nimeota. Akauliza jambo moja tu: "Miguu yake ilikuwaje?"

Nikamwambia. Akaketi sakafuni, mtu mzima yule, akalia mpaka nikaogopa.

"Nilijua anakuja," akasema. "Nilikuwa nasikia pumzi zake. Nikafurahi. Sikujua kama anatembea."

Treni iliyofuata ya kwenda Kaliua akaipanda, na gramafoni ndani ya gunia. Alirudi mikono mitupu. Hakuniambia aliiacha wapi, nami sikumuuliza. Mwanamke yule hakuonekana tena. Ila Shabani, kila Ijumaa ikifika alasiri, hakuweza kutulia. Alikuwa akienda kuranda mbao zilizokwisha kurandwa, mpaka magharibi.

Yeye naye hayupo siku hizi. Watoto wana kaseti yenye sauti yake, anatoa nasaha kwenye harusi ya binti yetu. Huniambia, "Mama, tuiweke basi, tumsikie baba." Nawakatalia. Wanadhani nahofia kulia. Kaseti nimeifungia sandukuni, na ufunguo nalala nao, kwa sababu ziko siku ambazo ni mimi ninayeitamani kuliko wao.

Nanyi wenye sauti ya marehemu ndani ya nyumba, nisikilizeni mimi niliyeona. Mkimkumbuka, muombeeni dua, kisha mumwache alipo. Shabani wangu alikufa magoti yakimsumbua. Sitaki mtu amtembeze.