Upatu Ulioniinua Mbele ya Mkwe

Jamani, chekeni mtakavyo, lakini nikimaliza msinitanie mbele ya wanangu, maana aibu iliyonipata siku ya ndoa yangu, mbele ya waungwana wote wa mtaa wetu hapa Amu, Lamu kama waitavyo wageni, hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto, na papo hapo nacheka peke yangu njiani mpaka watu wananikwepa.

Mwajua nilisoma kwa wamishonari. Si kwa ajili ya dini (niliingia Mwislamu nikatoka Mwislamu), nilitaka herufi za Kizungu na hesabu nipate kazi forodhani. Lakini Mwalimu wetu, yule Mzungu, alikuwa na ugonjwa wake mmoja: usafi. Alinunua upatu, lile sinia la shaba ambalo akina mama hulipiga kwenye ngoma za harusi, akaufanya ndio kengele yake. Pa, pa, papaa! Ukilia, popote ulipo unainuka, mnapanga mstari, mfupi mbele mrefu nyuma, mkono begani kwa mwenzio, halafu mikono yote mbele, kucha zikaguliwe. Mwenye kucha chafu alipelekwa ufuoni akazisugue kwa mchanga. Miaka yote ile, kila asubuhi! Dini yangu haikuguswa, ila kucha zangu nadhani zilibatizwa.

Basi nikamposa Mwana Esha, binti wa Bwana Omari muuza boriti, na nilimpenda Esha hata usingizi ukanihama. Bwana Omari alikuwa mrefu, mkali, tena hataki kabisa kusikia habari za misheni. Alinitolea macho akaniita kwa jina:

"Sikiza, Shee. Mambo ya chuo cha Wazungu yaishie huko huko. Siku ya ndoa nkiona hata alama moya, sikupi mwanangu."

Nikakubali kwa moyo wote, na ningetimiza, lau si uamuzi mmoja mdogo. Asubuhi ya harusi mama alikuja analia, upatu wa akina mama umepasuka, unalia kama sufuria, na harusi gani hiyo isiyo na upatu? Mimi, bwana harusi mwerevu, nikamwambia, "Mama, tulia, najua uliko mwingine." Nikamtuma rafiki yangu Lali, niliyesoma naye, aende kwa Mwalimu. Mwalimu akauazimisha kwa furaha, na kifimbo chake juu. Wala sikuwaza lolote (upatu si upatu tu?).

Baada ya alasiri wanaume tukajaa ukumbini kwa Bwana Omari, wanawake wako uani, pazia katikati. Nimekaa mkekani mbele ya Sheikh, nimevaa joho la kuazima, mkono wangu umo mkononi mwa Bwana Omari, Sheikh amekwisha kusoma hotuba, limebaki neno la kuoza na neno langu la kukubali. Kumbe huko uani mmoja wa akina mama hawezi kungoja, anataka kuujaribu kidogo tu.

Pa, pa, papaa!

Wallahi sikusimama mimi, ilisimama miguu. Nilijikuta wima, uso kwa Sheikh, mbele kabisa (mimi ni mfupi, mwaniona), nikasikia mkono wa Lali ukitua begani kwangu, na nyuma yake Bakari, naye mwenzetu wa shule, anahema. Kisha, Mungu wangu, mikono yetu ikanyooka mbele, vidole wazi, kucha juu.

"Mwataka nini nyinyi?" akauliza Sheikh. "Sadaka?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikaona Esha ameniponyoka, nimempoteza kwa sababu ya sinia! Machozi yananilenga, nikageuka nimwangukie Bwana Omari miguuni nimwombe radhi. Mahali pake mkekani ni patupu. Nikamtazama Sheikh, naye hanitazami mimi, amekodoa macho juu, nyuma yetu.

Nikatazama. Nyuma ya Bakari, wa mwisho mstarini, alisimama Bwana Omari, mikono mbele, kucha nje, jasho linamtiririka hadi ndevuni.

"Hata wewe, Bwana Omari?"

"Miezi michache tu, Sheikh, kabla ya vijana hawa," akajibu kwa sauti ndogo sana. "Nalitaka hesabu, Wazungu wasinipunde bei ya boriti. Hata mke wangu hayui."

"Yeo nimeyua!" ikatoka sauti ya mkewe nyuma ya pazia. "Ndipo kila siku wasugua kucha kwa mtanga!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, Sheikh akavua kilemba akajifutia machozi. Bwana Omari akarudi kuketi, akaukamata mkono wangu akaubana mpaka ukauma.

"Sheikh," akasema, "tumalize upesi, kabla haujalia tena."

Toka siku hiyo nimekula yamini, siazimi kitu cha harusi kabla sijajiuliza mara ya mwisho nilikisikia wapi. Lakini imenifaa nini? Mwalimu aliposikia kisa chenyewe alimzawadia Esha upatu ule, nao sasa unaning'inia jikoni kwetu. Chakula kikiiva mke wangu haiti mtu, anaupiga. Na siku mkwe akija kututembelea tunaingia wawili, mimi mbele, mkono wake begani kwangu, tunanyoosha mikono, na Esha hapakui wali mpaka amalize kuzikagua kucha.