Neno Nililolificha Ndani ya Kimya

Nakumbuka Jumatano moja ya Kwaresima, juma la pili, mchana. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ua wetu nikiwa na neno la mtu mwingine mdomoni, na sikulitoa. Nitakueleza ilivyokuwa, mwanangu. Nitakueleza polepole, maana mimi huandika polepole.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekupita miaka saba tu. Lakini Pasaka hii nitakuwekea mkono begani ukibatizwa, na tangu hapo mimi ni mama yako wa ubatizo, upende usipende. Jumapili uliniuliza mbele ya wenzako: mtu anawezaje kuishi Kwaresima nyumbani kama masista wa monasteri? Nikatazama viatu vyangu. Unanijua, mbele ya watu maneno hunikimbia. Basi nimechukua daftari.

Koko, mama wa baba yangu, alipika miaka mingi kwa masista wasiotoka nje, huko upande wa Butembo. Alipozeeka akaja kukaa nasi hapa Goma, akaja na sufuria mbili na desturi zote za masista. Kila Kwaresima nyumba yetu ya mbao iligeuka monasteri. Kengele yetu ilikuwa janti, chuma cha gurudumu la gari, iliyoning'inia kwenye ukuta wa jiko, naye aliigonga kwa jiwe jeusi. Alfajiri tulisali zaburi. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja ilikuwa kimya, mikono inafanya kazi na midomo inapumzika. Jioni tulikula maharagwe bila mafuta, na mmoja alisoma Injili ya siku wakati wengine wanakula. Na kila Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, tulipiga magoti kwenye mkeka, kila mtu akataja kosa lake la juma mbele ya wote. Baba alizoea kusema, "Mama huyu atanifanya padre mwenye watoto watano." Lakini alipiga magoti na yeye.

Msomaji nilikuwa mimi. Niliacha shule baada ya darasa la sita, na hata leo nasoma kama mtu anayepita juu ya mawe ya volkano bila viatu. Koko hakujali. Na mimi, nikuambie kweli, sikuipenda kazi ile kwa ajili ya Injili peke yake. Msomaji hula mwisho. Sahani yake hufunikwa kwa sahani nyingine, na wote wakiisha kuondoka, Koko hubaki naye mpaka amalize kula. Hapo ndipo mimi, nisiyesema na mtu, nilikuwa nasema. Nilikuwa natafuna polepole makusudi.

Kisha akaja Kahindo, binti wa marehemu baba yangu mdogo. Walikuwa wanakaa Sake. Vita vilipowakimbiza, yeye alichukuliwa na msongamano wa watu hadi kambi ya wakimbizi ya Mugunga, na mama yake akapotelea upande wa Minova na wadogo wawili. Simu ilipotea njiani. Kahindo alilala kambini juma moja, ndipo baba akampata akamleta kwetu akiwa na kitenge kimoja na ndala zisizofanana.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Koko alimpa jembe langu. Jumatano ya Majivu alimwita, akamwekea kitabu mkononi, kwa kuwa Kahindo alikuwa amefika sekondari. Alisoma kama maji yanayomiminwa. Hata wadogo zangu waliacha kugombania maharagwe. Na sahani ikafunikwa, ila haikuwa yangu, na kupitia mbao za ukuta nikamsikia Koko akimwambia mambo aliyokuwa akiniambia mimi.

Mwanangu, wivu haukuja kwangu umevaa uso wa wivu. Ulikuja umevaa utakatifu. Nilianza kushika kanuni kuliko wote. Nilifunga mpaka midomo ikapasuka. Saa za kimya nilinyamaza hata kikohozi. Nilitaka Koko aone.

Ndipo ikafika ile Jumatano. Ilikuwa saa nane na nusu. Mama Zawadi, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mtaani kwetu, alisukuma mlango akiwa anahema, beseni bado kichwani.

"Masika! Kahindo iko hapa? Mama yake amefika Kituku, pale ziwani, na boti ya Minova, ameleta mashu kuuza. Anauliza kila mutu, mutoto wangu, mutoto wangu! Watu walijaa, sikumufikia kumuonyesha kwenu. Boti inarudi saa kumi. Umuambie akimbie, unasikia?"

Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha janti.

"Eh! Ninyi na monasteri yenu!" Akacheka. "Basi umuambie hata na mikono. Mimi samaki yangu inaoza."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda zake.

Kahindo alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharagwe kwenye ungo. Kati yetu palikuwa na hatua kumi. Niliona mgongo wake na kisogo chake. Ningemshika mkono tu, tukatoka mbio, na hakuna kanuni ambayo ingevunjika. Lakini nilijiambia: ni saa ya kimya, kanuni ni kanuni. Nikachukua ufagio nikafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Saa kumi na moja Koko aligonga janti. Midomo yetu ikafunguliwa, boti ikiwa imekwisha kuondoka. Sikusema. Jioni ile Injili ilikuwa ya mama wa wana wa Zebedayo, yule anayewaombea wanawe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Kahindo alipofika kwenye neno "mama" sauti ilimkwama, akarudia mara mbili. Nami nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba naye amejikwaa. Naliandika hili ili ujue wivu unaweza kumfikisha mtu wapi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja Ijumaa, kwenye mkeka. Kahindo alitangulia kusema.

"Nimemuonea Masika wivu," alisema. "Mama yake akimuita, yeye anajibu 'mm' bila kugeuka. Mimi kama ningeitwa hata mara moja, ningegeuka mwili muzima."

Kisha ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandalia kosa dogo, kwamba nilisinzia kwenye rozari. Halikutoka. Likatoka lile lingine.

"Mama yako alikuwa Kituku Jumatano. Mama Zawadi alileta habari. Nilinyamaza."

Kahindo alisimama, akatoka nje, akakaa chini ya janti. Hakulia. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. Koko peke yake ndiye aliyenigeukia.

"Ulinyamaza sababu ya kanuni?"

"Hapana, Koko."

"Sababu ya nini?"

"Sababu ya sahani."

Alielewa. Akafikicha rozari yake, akasema bila kupaza sauti: "Masista walikuwa wananyamaza ili wasikie. Siku moja sista wa mlangoni alisikia mutu analia nje, akapiga kelele mpaka mama mukubwa wa monasteri akatoka na viatu mukononi. Hakuna aliyemukaripia. Wewe umechukua kitambaa cha altare, umepangusia kisu."

Tangu siku ile kimya changu kiliisha. Kitubio alichonipa Koko kilikuwa kwenda Kituku kila asubuhi, nisimame zinapofikia boti za Minova, niulize kwa sauti. "Kwa sauti, Masika. Mpaka afike." Ningependa zaidi kufunga siku arobaini kwa maji.

Siku ya kwanza nilizungumza na kifua changu. Wabeba mizigo walinicheka: "Dada, unauliza watu ao unauliza samaki?" Siku ya pili niliuliza mtu mmoja, nikakimbia kabla hajajibu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga. Juma la tatu wale wabeba mizigo walikuwa wakiniona tu, wanapaza sauti kabla yangu: "Mama ya Kahindo hakuna leo! Rudi kesho, monasteri!" Nyumbani Kahindo alinipa chumvi nikiomba chumvi, na si neno zaidi. Kila nikirudi alitazama nyuma yangu kwanza, kuona kama nina mtu.

Pasaka ilifika, ikapita. Mama yake hakuja siku ya sherehe. Alikuja Jumanne iliyofuata, boti ya pili, mwembamba, amekalia gunia la mashu, kabichi zake za kuuza. Nilipomwita jina la binti yake aligeuka mwili mzima.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Masika. Ni mimi niliyenyamaza."

Nikamweleza yote palepale, katikati ya beseni za samaki, watu wakinisikia. Alinitazama sana. Nikangoja kofi. Akanipandishia gunia mgongoni.

"Beba. Njiani utaniambia mutoto wangu anakula nini."

Sitakuandikia jinsi walivyokumbatiana, hilo ni lao. Nitakuandikia langu tu. Nikiwa nimesimama na gunia mgongoni, nikimtazama Koko akilia kwa furaha juu ya kichwa cha Kahindo, niliona wivu tena. Ndiyo, hata pale. Nikaweka gunia chini, nikamwendea Koko, nikamnong'oneza: "Koko, umerudi, ule wivu wa sahani." Akanituma maji ya kunywa ya mgeni.

Koko amekwisha kutuacha. Kahindo anasoma kanisani, umemsikia mwenyewe, na watu husifu. Nami nikiwa benchi la nyuma bado kitu huniuma hapa chini ya mbavu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo Ijumaa humwambia Kahindo mwenyewe, naye hujibu, "Najua, niliona uso wako," tunacheka.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Weka kengele yako, hata kama ni sufuria mbovu. Weka saa ya zaburi na saa ya kimya, na funga kadiri mwili wako unavyoweza. Lakini ukiona unaishika kanuni kwa nguvu kuliko wenzako, jiulize unataka nani akuone. Ukinyamaza na ndani yako kuna neno ambalo mwenzako analingojea, hicho si kimya cha monasteri, ni mlango uliofungwa usoni pake. Kivunje, mwanangu, hata kama kengele bado. Na wivu ukija, usiuvalishe kanzu nyeupe. Utaje kwa jina lake mbele ya yule unayemwonea, magoti yakiwa chini.

Mungu anayekuita kwa jina akupe masikio ya masista na miguu ya Mama Zawadi. Sahani yako isikose mtu wa kukaa nayo. Na neno jema lililokabidhiwa mdomo wako lifike kabla boti haijaondoka. Amina.