Malkia wa Salamu wa Redio Mbuni

Fortunata Nzowa hakuwahi kuambiwa anyamaze akanyamaza. Walimu walijaribu, marehemu mumewe alijaribu, mwisho akajaribu mwenyekiti wa bodi ya redio, na huyo ndiye aliyejuta.

Alikuwa mkulima wa kahawa wa Vwawa, darasa la saba, na sauti yake ilimfikia mtu ng'ambo ya bonde bila taabu. Kabla Mbozi haijawa na redio yake, jina lake lilivuma kwa sababu ya salamu. Mnazikumbuka kadi za salamu? Unanunua kadi, unajaza majina ya ndugu na jamaa, unaandika ujumbe, unaituma Dar es Salaam, kisha unakaa na redio sikioni ukingoja kutajwa. Fortunata alijiita Malkia wa Mbuni, na watangazaji wa Dar walilizoea jina hilo ingawa sura hawakuijua.

Lakini ilimuuma. Salamu zake walizisoma vizuri tu, ila mvua ya mawe ilipokung'uta mibuni ya Mbozi nzima hakuna aliyeitaja. Ukigeuza kitufe, unawapata Wazambia wanatangaza mambo yao. "Misiba ya Nakonde tunaijua kuliko misiba ya jirani zetu!" alikuwa akifoka. "Kwani sisi tumeumbwa bila midomo?"

Basi akaanza kuzunguka na wenzake. Kanisani wamo, mnadani wamo, kwenye mashine ya kukoboa wamo, wanaomba kila kaya itoe debe la kahawa ili wilaya ipate redio. Wapo waliowacheka hadi machozi. Redio ya madebe, loo! Fortunata aliwaangalia tu, akashika debe lake akaenda nyumba inayofuata. Mwishowe mlingoti ukasimama nyuma ya ghala la kahawa, Redio Mbuni ikaanza kunguruma, na yeye akapewa kipindi cha asubuhi ambamo mkulima anauliza na kiongozi anajibu.

Mwenyekiti wa bodi alichaguliwa Lusubilo, mzaliwa wa Ileje, mkandarasi wa miradi ya maji. Walimchagua kwa sababu alikuwa na gari na maneno matamu. Mambo yakaenda vizuri, mpaka asubuhi moja mtu wa Ileje akapiga simu kipindini. Akasema mabomba ya maji yalishushwa kijijini kwao, watu wakapiga vigelegele, kisha lori likaja likayapakia tena na hayajaonekana hadi leo. Mabomba yako wapi?

Mkandarasi wa mradi ule alikuwa Lusubilo mwenyewe. Kabla ya saa ya chakula cha mchana kipindi kilikuwa kimefutwa.

"Mama Fortunata, wewe ni mtu wetu," Lusubilo alimwambia ofisini, anatabasamu. "Nakupa kipindi cha salamu. Huko unakuweza, na hakuna maswali ya kuchonganisha watu."

"Mwenyekiti, hii redio ni ya watu."

"Ya watu, ndiyo. Lakini kibali chake nimekisaini mimi."

Fortunata alirudi nyumbani akalia kwa hasira. Madebe yote yale, miguu yote ile, halafu mtu mmoja aje aseme saini yake! Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na kesho yake akakaa mbele ya maiki kama hakuna kilichotokea.

"Wapenzi wasikilizaji, maswali yamefungiwa," alisema. "Salamu hazijafungiwa. Jazeni kadi."

Weee! Watu wa Mbozi wakamwelewa palepale. Kadi ya kwanza ilisema: "Naitwa Anastazia wa Mlowo. Salamu zimfikie mume wangu Raphaeli, zimfikie mama mkwe, na wote wanaonifahamu. Ujumbe unasema: mabomba yako wapi?" Ya pili ikatoka Tunduma kwa wabadilisha fedha, wanawasalimu wenzao wa ng'ambo ya mpaka, ujumbe uleule. Makondakta wa stendi ya Vwawa wakaacha kuambiana habari za asubuhi, wakawa wanaulizana mabomba.

Lusubilo aliingia studio kipindi kikiwa katikati, jasho linamtoka. "Zima hiyo!"

"Tuko hewani, Mwenyekiti," Fortunata alimjibu kwa adabu zote, akamsogezea maiki. "Unamsalimu nani?"

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kiti chake akapewa Gibson, mtoto wa kaka yake Lusubilo, kijana mwenye sauti nzuri na uoga mwingi. Akaamriwa asome kila kadi kwanza, na yenye neno bomba aichane.

Hapo ndipo Fortunata alipopata tabu. Kufukuzwa hakukumuumiza sana. Kilichomnyima raha ni redio ya majirani zake, iliyowashwa kila asubuhi ikapiga nyimbo za mapenzi, mtu amsalimu shangazi, basi. "Watazoea, Fides," alimwambia jirani yake wakichuma kahawa. "Wakishazoea, hii redio imekwenda. Itakuwa ya Lusubilo na watoto wake, na sisi tutakuwa wasikilizaji tu." Fides akaendelea kuchuma.

Ijumaa moja walikuwa shambani, redio imening'inizwa kwenye tawi, Gibson akasikika amechangamka kweli.

"Leo nina kadi ya mtu mzito! Bibi yangu mzaa baba, Bibi Loisi, yuko huko Ileje. Tangu nizaliwe sijamsikia akituma salamu!"

Kadi hiyo hakuikagua. Nani anamkagua bibi yake?

"Naitwa Loisi. Nimeandikiwa na mwinjilisti wetu. Salamu zangu zimfikie mwanangu Lusubilo, mwenyekiti wa redio. Ujumbe unasema: mwanangu, nilikunyonyesha, nikakusomesha. Mpaka leo nateremka mtoni na ndoo kichwani, na magoti yangu unayajua. Mabomba yako wapi?"

Hata muziki Gibson hakuweka.

Fides alishika mdomo. Fortunata akatua kikapu chake chini, akafunga kanga kiunoni na kushika njia ya mjini na utomvu wa kahawa mikononi. Huko barabarani wanawake walikuwa wakitoka mashambani bila kuitana, na mlinzi wa ghala, aliyekuwa amekatazwa kumfungulia Fortunata, akafungua lango lote, mbawa zote mbili.

Gibson alimwona akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Sogea."

Akaketi. Simu ya ofisini ilikuwa ikilia, na kila mtu alijua anayepiga ni Lusubilo. Fortunata alimwashiria Gibson aiunganishe hewani, na kijana akaiunganisha.

"Hapa ni Redio Mbuni," alisema Fortunata, "na hiki ni kipindi cha maswali. Karibu, Mwenyekiti. Mama yako ameshauliza, wilaya nzima inakusikiliza."