Malkia Ashuka Mgongoni

Majirani walimwita binti yangu Malkia kwa sababu mguu wake haukugusa ardhi mpaka alipofika miaka saba. Nilimbeba mgongoni kwenda dukani, nikambeba kwenda bombani, nikambeba kwenda chooni. Aliyetaka kucheka alicheka. Mgongo ulikuwa wangu. Leo ana miaka ishirini na minne, anapokea simu na kuandika miadi kwenye kliniki ya meno, na hakuna mgonjwa anayeruka foleni mbele yake akabaki na amani.

Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia. Daktari akasema ni mtindio wa ubongo: akili yake nzima, ila kichwa kikituma amri kwenye miguu na mkono wa kulia, misuli inakaza badala ya kutii. Mimi ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda changu, naye alikaa kwenye kona, ameegemea mto, akihesabu vifungo vya watu na kunicheka nikifumua.

Alipotimiza saba nikampeleka shule ya mtaa wa pili. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akampa hesabu, akazijibu. Akampa kitabu, akasoma.

“Kichwa kipo,” mwalimu akasema. “Lakini mama, darasa lina watoto sitini na mwalimu mmoja. Nani atampeleka chooni? Mlete mwakani. Akiweza kwenda na kurudi mwenyewe, namwandika. Asipoweza, sitakudanganya.”

Nilitaka kumjibu vibaya, na majibu mabaya sijawahi kuishiwa. Lakini alisema kweli. Malkia alilia njia nzima, machozi yakanilowanisha shingo.

Zahanati ikatupa msichana wa mazoezi ya viungo, wa kuja nyumbani kila Jumanne. Mwembamba, raba miguuni, begi kubwa. Nikajua mashine zimo humo. Akafungua begi, akatoa chupa ya maji, akanywa.

“Vifaa viko wapi?” nikamuuliza.

“Hivi hapa, mama.” Akaionyesha nyumba yangu.

“Wewe binti, hivyo ni vyombo vyangu vya kupikia.”

“Ndivyo hivyo hivyo.”

Stuli yangu nzito akaigeuza miguu juu, Malkia akawa anaisukuma kutoka mlangoni hadi jikoni, magoti yakitetemeka. Vibanio vya nguo akaambiwa avibane kwenye ukingo wa ndoo kwa mkono wa kulia, ule ulionuniana naye tangu kuzaliwa. Kila asubuhi, kabla sijashika mkasi, nilimnyoosha miguu polepole, tukihesabu hadi thelathini. Mwanzoni alilia. Baadaye akaanza kunisema: “Taratibu, mama, mimi si kitambaa.”

Mwezi wa nane wa mazoezi alitembea kwa magongo mawili. Mwendo wa kaa, lakini wake.

Ikabaki sketi. Kuishusha na kuipandisha akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, ilimchukua robo saa, na robo saa mimi napiga pindo mbili. Kila Jumanne msichana aliuliza, “Anavaa mwenyewe?” Nami nikajibu, “Mwenyewe.” Uongo mtupu. Wateja walikuwa mlangoni, nami nilimvalisha fasta tukaendelea na maisha.

Jumanne moja akaja saa nzima mapema. Akanikuta nimepiga magoti, pini mdomoni, namvalisha Malkia kama sanamu la dukani.

“Kumbe mwanafunzi wangu ni wewe, mama,” akasema. “Unavalisha vizuri sana.”

Malkia akacheka mpaka akaangukia vitambaa. Mimi sikucheka.

“Nina kazi, binti. Huoni?”

“Naona. Lakini saa nne kengele ya mapumziko ikilia, mama, wewe utakuwa hapa na cherehani yako. Yeye atakuwa kule.”

Siku ileile nikafumua zipu ya sketi, nikatia lastiki pana na vitanzi viwili vya kuingiza kidole gumba. Na kila asubuhi niliikalia mikono yangu. Wateja wakasubiri.

Mwaka ulipoanza tukarudi shuleni. Malkia akaingia chooni, mimi na mwalimu mkuu tukabaki nje. Dakika tano. Kumi. Gongo likaanguka ndani, kwaa! Nikanyanyua mguu.

“Mama, usije! Nasikia viatu vyako.”

Mwalimu akatazama saa. “Wenzake huchukua dakika mbili.”

“Na hawanawi,” nikamwambia.

Maji yakasikika. Akatoka, jasho linamtiririka, blauzi nusu nje, sketi imezunguka mpaka mfuko wa ubavuni umehamia nyuma. Mwalimu akanyoosha mkono aiweke sawa.

“Usinishike, mwalimu. Bado sijamaliza.”

Akaegemea ukuta, gongo moja kwapani, akatia kidole gumba kwenye kitanzi, akaivuta sketi kidogo kidogo. Wanawake wazima wawili tukasimama juani tunangoja mfuko urudi mahali pake. Ukarudi.

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akafungua daftari. “Jina lake kamili ni nani?” akaniuliza.

“Muulize mwenyewe,” nikasema. “Mdomo anao.”