Samaki wa Jikoni

Juzi, kwenye ofisi ya komine, serikali yetu ya mitaa hapa Rumonge kando ya ziwa, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyefuata cheti cha makazi. Karani akamuuliza nyumba yake iko wapi.

“Iko palepale. Ziwa ndiyo ilihama.”

Karani akaweka kalamu chini. Mama akakaza kitenge chake kiunoni.

“Maji inafika ku dirisha. Nilirudi jikoni kuchukua sufuria, nikakuta samaki wamezalia ndani. Vitoto vidogo sana. Nikawaachia.”

“Kwa nini, mama?”

“Ningewafukuza waende wapi? Mimi najua kufukuzwa.”

Karani akarudi kwenye fomu. Penye “Idadi ya wanaoishi nyumbani” kalamu ilisita kidogo, kisha akaandika sifuri. Foleni nzima tukaona amekosea.