Nilisema Niko Angani

Kosa ni langu, wenzangu. Sina wa kumtwisha. Naandika labda nitasikia kitu moyoni, maana tangu siku ile sisikii chochote.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kujua mambo napenda mno! Kila mji ninaofika naiuliza simu: kutoka hapa mpaka Mwanza kwa ndege ni umbali gani? Nilipokuwa Songea, nikibeba magunia ya mahindi, ikanijibu: kilomita mia tisa na ushee, saa moja na nusu angani. Nikafurahi. Kumbe nyumbani ni karibu hivyo!

Kwa hiyo dada yangu Kabula alipopiga kusema baba anaumwa, nilikuwa na jibu.

"Kaka, panda basi leo. Baba anakuulizia."

"Basi la nini? Siku mbili nimekunja miguu! Akizidiwa nishtue. Chai nakunywa huku, ugali nakula huko."

"Haya, rubani," akasema. Hakucheka.

Asubuhi moja akapiga analia. Baba alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba ana neno la mwisho, na atampa mtoto wake wa kwanza, si mwingine. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Nikabeba begi mpaka uwanja wa ndege. Mlinzi akanitazama.

"Mwanza? Kutoka hapa? Mdogo wangu, hapa ndege inakwenda Dar, huko ndiko unabadilisha. Na leo haiji. Nani kakudanganya?"

Simu ilikuwa imepima mstari tu wa kwenye ramani. Haikusema kama kuna ndege inayoupita. Na mimi sikuuliza! Mimi, ninayeuliza kila kitu!

Ningesema ukweli pale pale, pengine ningesamehewa. Kabula akapiga: "Umefika wapi?" Aibu ikanishika. Nikamwambia, "Ndo tunapanda, nazima simu." Nikazima kweli, na sikuiwasha njia nzima. Kisha nikaenda stendi kutafuta basi.

Nyumba yetu ya Pasiansi, huko Mwanza, iko juu ya mawe, na ndege zikienda kutua zinapita karibu na bati. Yaliyotokea huko alinisimulia Kabula. Baba alipoambiwa niko angani, aliomba atolewe nje. Wakamtandikia mkeka juu ya jiwe. Ndege ikipita, anainua kidole: "Huyo sasa."

Wanatazama njiani. Hakuna mtu.

Ikija nyingine: "Basi ni huyu."

Baba mdogo akamsihi, "Kaka, tuambie sisi, tutamfikishia."

"Ya nini? Si huyo anashuka!"

Alikufa jioni ile, akitazama juu.

Niliposhuka stendi ya Nyegezi, siku ya pili, walikuwa wameshazika. Kabula hakunitukana. Alinipa maji, akasubiri ninywe.

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Njombe, ndani ya basi."

Akachukua kikombe, akaenda kukiosha.

Sijui baba alitaka kuniambia nini. Sikulia kaburini, na mpaka leo sijalia. Ndege zinapita juu ya bati, nami siulizi tena zinatoka wapi.

Wewe uliye mbali na mgonjwa wako, usiipime njia kwa simu ukaridhika. Nenda stendi, uliza gari linaondoka lini, panda. Na ukiulizwa ulipo, kama uko chini sema uko chini. Kuna mtu anatazama juu.